Kikohozi cha Wimbo wa Kumi na Mbili

Marehemu walimkuta chini ya meza ya mitambo, kifudifudi, fuvu limepasuka, spika bado zinanguruma juu yake. Pale studio walimwita Bosi. Pembeni ililala stendi ya chuma ya maikrofoni, na stendi yenyewe, jamani, haikuwa na hata vumbi.

"Alama za vidole?" aliuliza Inspekta.

"Hakuna, afande," alijibu konstebo, binti mmoja mkavu. "Imefutwa, inang'aa kama sahani ya mgeni."

Inspekta huyu alikuwa mtu wa kushuku. Hata mkewe akisema chai ina sukari, anaonja kwanza.

Mlinzi wa getini alisema asubuhi ile wameingia wawili tu. Wa kwanza Chiriku, mwimbaji. Wa pili Sikio, fundi wa kusafisha sauti. Maana siku hizi kompyuta inatunga wimbo mzima, ngoma na mwimbaji humo humo, ila inautoa na mikwaruzo na miluzi, kama mchele wenye chuya. Kazi ya Sikio ni kuchambua.

Inspekta alianza na Chiriku.

"Jana ulisema utampasua kichwa."

"Nilisema, baba. Miaka tisa namwimbia, leo ananibadilisha na mashine! Nilimtukana, sikatai. Ila tusi halipasui fuvu."

"Leo ulifuata nini?"

"Viatu vyangu. Nilimwacha mzima."

"Shahidi wako nani?"

"Mungu."

"Mungu haandikishi maelezo kituoni."

Konstebo akatoa pingu. Chiriku akaangua kilio. "Mzee wangu, nina mtoto ananyonya!"

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta, akaingia chumba cha Sikio. Kijana mpole, macho mekundu.

"Hukusikia kitu?"

"Nilikuwa nimeziba masikio kwa spika zangu za masikioni, mzee. Nafanya kazi."

"Hebu nifundishe, mwanangu. Uchafu ukishautoa, unautupa?"

"Hapana. Nauweka kando, nausikiliza peke yake. Nisije nikawa nimetoa na wimbo."

Inspekta akacheka. "Kama mke wangu na pumba! Haya, tusikie pumba."

Nyimbo zilikuwa kumi na mbili. Uchafu wa kwanza, shshsh. Wa pili, mluzi. Wakaenda hivyo mpaka wa kumi na moja.

"Wa kumi na mbili?"

"Bado, mzee."

"Bado? Karatasi ya Bosi hii hapa ukutani. Imeandikwa wa kumi na mbili uanze nao, una haraka."

Sikio akajifanya anapanga nyaya.

"Uweke."

Ikatoka sauti ya mwanamke, tamu, ya kizamani. Na kabla ya kila ubeti, kikohozi kidogo kikavu. Kho, kho.

"Huyo si mimi," alisema Chiriku mlangoni.

"Kompyuta haina kifua," alisema Inspekta taratibu. "Kikohozi imekitoa wapi?"

"Inaiga, mzee. Inaiga ilichosikilizishwa."

"Na ilisikilizishwa nini?"

Inspekta akatoa mfukoni kanda tatu kuukuu. "Hizi zilikuwa kwenye droo ya marehemu. Mwandiko wa juu ni wa nani?"

"Wangu."

"Anayeimba?"

Sikio akaigusa kanda ya juu. "Mama."

Basi yakamwagika yote. "Nilimpa Bosi anitolee nakala tu, zisije zikaoza. Mama alifariki mwaka jana, kwa kifua hicho hicho. Leo nafungua wimbo, namsikia yeye, anaimba maneno ambayo hakuwahi kuyaimba. Nikadhani nimerukwa na akili. Nikamfuata Bosi. Akasema, sauti safi sana, ila nitolee huo uchafu. Uchafu, mzee! Sisi utotoni tukisikia kho, kho jikoni, tunalala tena, tunajua mama yupo."

"Na stendi?"

"Ndiyo iliyokuwa karibu. Halafu nikaifuta. Mkono umezoea kusafisha."

Konstebo akamwachia Chiriku, naye akakimbilia kwa mwanawe, viatu mkononi.

Inspekta alibaki amesimama. Jambo moja lilimkereketa. "Kile kikohozi ungekitoa, mimi nisingejua kitu. Kukitoa kunachukua muda gani?"

"Dakika moja."

"Sasa mbona hukukitoa?"

Sikio akanyoosha mikono ifungwe. "Cha mama yako, mzee, wewe ungekitoa?"