Funza kwenye Bakuli la Mwanangu

Alikuwa anatembea, jamani... Funza! Mzima, mweupe, anapanda juu ya wali wa mwanangu!

Nilikuwa nimefungua bakuli lake la shule nilioshe, kama kila jioni.

"Umekula hiki?!"

"Nimekula nusu, mama."

Nusu! Nyie, nilitapika kwenye sinki mtoto akiniangalia.

Kwa msiojua, shuleni kwao watoto hupikiwa chakula cha moto mchana. Kila mtoto anakwenda na bakuli lake la mfuniko, anapakuliwa, na akibakiza anarudi nalo nyumbani. Mpishi ni mama mtu mzima, watoto wanamwita Bibi Mwiko.

Nikapiga picha. Nikaitupia kwenye grupu la wazazi: "Kikulacho ki nguoni mwako! Tumemkabidhi watoto, anawalisha funza!"

Grupu likawaka moto.

"Mimi tangu mwanzo nilisema wapewe biskuti," akaandika mzazi mmoja, fundi cherehani.

"Wangu hali tena pale!" akaandika mwingine.

Baba mmoja wa gereji akajaribu: "Tuulize kwanza. Wangu akikosa hicho chakula, anashinda njaa."

"Basi mpe wako funza, baba!" nikamjibu. Akachekwa hadi akanyamaza.

Kesho yake, kabla ya saa ya chakula, tulijaa bwaloni. Ushahidi ninao, bakuli ndani ya mfuko wa plastiki.

"Afukuzwe leo!"

"Na jiko lifungwe!"

Mwalimu mkuu alifungua mdomo kusema neno, tukamzomea. Tukapiga kura ya mikono. Wangu ulikuwa wa kwanza juu.

Bibi Mwiko alikuwa amesimama kando ya sufuria lake, mikono ndani ya aproni. Hakulia wala hakubishana.

"Mama, naomba hilo bakuli."

"La nini? Ukafute ushahidi?"

"Nitalishika hapa mezani, wote mkiona."

Akachukua kisu kidogo cha kumenyea. Akachomeka ncha kwenye ule mpira unaozunguka ndani ya mfuniko. Akauvuta taratibu...

Harufu! Mungu wangu, ile harufu! Chini ya mpira kulikuwa na utando mweusi wenye ute, makombo ya siku kadhaa, na funza wamejazana wanapindana. Fundi cherehani alikimbilia dirishani, kaziba mdomo.

"Wakipata joto la chakula, wanatoka," akasema Bibi Mwiko. "Nani huliosha hili?"

Nani? Mimi! Mimi ninayetamba kwa majirani kwamba vyombo vyangu vinang'aa! Mwaka mzima naosha juu juu, hata kujua kama ule mpira unatoka sikujua. Nilijinusa vidole, nikajichukia.

"Mimi huo mpira nautoa kila siku," akaendelea. "Naumwagia maji ya moto, nausugua, ndipo nampakulia mwanao. Sasa siku nne hizi nilikuwa msibani. Nimerudi leo asubuhi. Aliyenishikia zamu hakujua."

Kumbe siku ya funza hata shuleni hakuwepo! Ndilo neno alilotaka kusema mwalimu mkuu.

"Sasa kwa nini hukuniambia?!"

Akanitazama kwa huruma. Heri angenizaba kofi.

"Mwanao aliniomba. Alisema, 'Bibi, usimwambie mama. Anapenda kusifiwa usafi, ataona aibu.'"

Miaka minane, nyie! Mtoto wa miaka minane ananifichia uchafu wangu, mpaka akala nusu bakuli...

Kura yetu tukaifuta palepale. Mkono wa yule baba wa gereji haukuwahi kupanda.

Nikamshika Bibi Mwiko mikono miwili, nikamwomba radhi mbele ya wote.

"Nimepokea," akasema. "Sasa nipishe nipakue, watoto wana njaa."

Ile picha ya kwanza mliisambaza kabla hata sijamaliza kusukutua mdomo. Hii hapa chini ni ya pili: mfuniko wangu, mpira umevuliwa. Naomba muisambaze vilevile, na jina langu lisifutwe.

Halafu kabla hujaandika "pole dada", inuka. Nenda jikoni kwako, uvute ule mpira.

Kikulacho kilikuwa nguoni mwangu mimi.