Mgeni Asiyekula

Kiden aliweka sahani mbili mezani kwa sababu alijua mpangaji wake ana mgeni. Mchana kutwa alikuwa amemsikia nyuma ya mlango, akikohoa kikohozi kikavu cha mzee.

Mwalimu Mwadime, Mtaita aliyekuwa amefundisha Juba miaka miwili, aliporudi kutoka shule alizishangaa zile sahani.

"Ya pili ya nani, mama?"

"Ya mgeni yako. Iko ndani tangu asubuhi. Mimi nilibisha, haikujibu."

"Sina mgeni."

Kiden, aliyekulia ukimbizini Uganda na kurudi mtaani Atlabara, Juba, vita vilipokwisha, alishusha sauti. "Sasa nani anakohoa?"

Chumbani hapakuwa na mtu. Palikuwa na sanduku lililokwisha fungwa, tiketi ya ndege ya Jumamosi kwenda Nairobi, na kinyago kirefu cha mti: mwanamume aliyesimama, mikono imebana mbavuni. Mwadime alikinunua sokoni Malakia kwa mchuuzi aliyeitwa Fortunato. Miguu yake ilikuwa imeliwa na mchwa hadi magotini, pale ilipofukiwa ardhini. Chumba kizima kilinuka udongo uliolowa mvua, na ilikuwa Februari; tangu Novemba halikudondoka hata tone.

Kesho yake alikwenda kuomba kibali cha kukitoa nchini.

"Ni cha zamani?" karani akauliza. "Vya zamani haviruhusiwi kutoka."

"Kipya. Kimechongwa mwezi uliopita."

Fortunato alikuwa amemwambia ukweli: kilisimama juu ya kaburi, na sura ile ni ya marehemu mwenyewe. Karani akagonga muhuri.

Adhuhuri ile Kiden alimkuta bintiye Suzan, wa miaka sita, ameketi sakafuni mbele ya kinyago, akiitikia kwa kichwa kama anayesikiliza.

"Babu anasikia baridi," mtoto akasema. "Anasema huko anakopelekwa hajui mtu."

Kiden akambeba mbio, lakini hata kabla hajafika uani mtoto alianza kukohoa, kikohozi kilekile kikavu cha mzee, akakohoa mpaka macho yakamtoka na shingo ikakakamaa, na mama alipompangusa mdomo kwa kanga akidhani ni mate, akaona kitambaa kimejaa udongo mwekundu, mbichi, wenye vijizizi vyembamba ndani yake.

Walimwita Igga, mwanamke aliyekuwa akiwatibu watu wa mtaa. Hakuingia. Alisimama mlangoni akinusa.

"Mfukuze," Kiden akanong'ona. "Mfukuze, nakuomba, mtoto yangu anakwisha."

"Jini hufukuzwa. Huyu si jini. Ni mtu ameibwa, na mtu aliyeibwa hurudishwa." Akamgeukia Mwadime. "Tena wewe umeandikisha kwamba amezaliwa mwezi jana."

Mwadime hakuwa amemwambia mtu yeyote alichomjibu karani. Kwao Taita bibi yake aliyapelekea pombe mafuvu ya wazee pangoni, na hakuna aliyethubutu kuligusa hata moja bila ruhusa. Alijua. Alijua tangu siku aliyokinunua.

Akaichana karatasi ya kibali. Akamwendea Fortunato, akaelekezwa kijiji kinyago kilikotoka, mbali upande wa Tonj, na Ijumaa asubuhi akapanda lori amekikumbatia kinyago ndani ya blanketi. Lori halijapinda kona, Suzan akaomba maji, kisha chakula.

Safari ilichukua siku tatu. Siku zote hizo Mwadime aliusikia mti ukipumua kifuani mwake, taratibu, na kadiri walivyozidi kukaribia ndivyo pumzi ilivyozidi kwenda kasi, kama ya mtu anayepanda kilima akiona paa la nyumba yake, hata dereva, Lokosang, akazima redio.

Mjane wa marehemu alikitambua kinyago kabla blanketi halijafunguliwa. Akawaongoza hadi kaburini, Lokosang akitafsiri. Mwadime alikisimamisha, akashindilia udongo kwa mikono yake, akilia.

Kando yake palikuwa na mashimo mengine matatu ya vinyago vilivyong'olewa, matupu.

"Mume wangu umemleta," mjane akasema. "Wanangu je?"

"Sikuwaona, mama. Naapa."

"Basi wamekwishapanda ndege. Wako kwenye nyumba za watu."

Mwadime akachota udongo ili ayafukie mashimo yale. Mjane akamshika mkono, kwa nguvu ambazo hakuzitarajia.

"Acha wazi," akasema. "Watarudi wenyewe. Na hawatarudi peke yao."