Akaunti ya Mfua Visu

Hiace nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa ya ishara. Sindano akakata nayo.

Yamaha yake ikapenya kati ya malori mawili, ikatokea upande wa pili. Alikuwa amelifuata gari hilo tangu kwenye bohari la forodha. Ndani yake kulikuwa na makasha yaliyoandikwa "vyombo vya jikoni". Idara ya Usalama ilijua kwamba chini ya vyombo hivyo kulikuwa na bastola. Ilijua pia zinakokwenda: kwa kikundi kilichopanga kuteka kituo cha redio na kuwatangazia wananchi serikali mpya, iliyopikwa nje ya nchi.

"Sindano, unaiona?" Sauti ya Mkuu, sikioni.

"Naiona. Imeingia mtaa wa mafundi vyuma."

"Usiipoteze."

Hakuipoteza. Muda si mrefu alitamani angeipoteza.

Hiace iliingia kwenye geti la bati lenye rangi ya kijani iliyobabuka. Sindano alilijua geti lile. Rangi ile aliipaka kwa mikono yake mwenyewe, enzi zile yeye na mwenye karakana walipokuwa bado wanasalimiana.

"Mkuu, hapa ni kwa kaka yangu."

"Yule mfua visu?"

"Huyo huyo. Baba mmoja, mama mmoja."

"Toka hapo. Natuma mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine akifika, makasha yatakuwa yameshagawanywa."

Akazima pikipiki. Akagusa kitufe cha juu cha koti lake. Kamera iliyofichwa humo ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Kwapani, Beretta ilikaa mahali pake.

"Wewe tazama tu, Mkuu."

Akaingia kwa mlango wa uani.

Kaka yake alikuwa ameinamia mashine ya kunolea, cheche zikimrukia kwenye aproni ya ngozi. Ukutani visu vilining'inia kwa ukubwa wake: vya kumenyea, vya samaki, vya bucha. Akamwona dada yake. Hakuzima mashine.

"Umekuja kununua au kukamata?"

"Nani amekuletea hayo makasha?"

Sasa akazima mashine, apate kumtukana vizuri.

"Anayenilisha! Wewe ulikuwa wapi? Wapishi mpaka ng'ambo walikuwa wananunua kwangu mtandaoni. Siku moja naamka, kampuni ya malipo imeniandikia: unauza silaha, akaunti yako imefungwa. Silaha! Kisu cha kukatia vitunguu! Nikakupigia wewe, mtu wa serikali, unisemee. Ukaniambia nini?"

Sindano akatazama visu ukutani.

"Sema! Ukaniambia, 'Sheria ni sheria, kaka.' Ukakata simu."

"Kwa hiyo ukafungua duka la uongo."

"Nikafunguliwa. Na mtu baki, aliyenionea huruma kuliko ndugu yangu wa damu. Ukurasa unasema nauza sufuria, lakini jina ni langu na alama ya kidole ni yangu. Visu vyangu vinatoka."

"Unaamini ni visu tu? Fungua kasha moja, kaka. Moja tu."

"Hakuna haja," ilisema sauti nyuma yake.

Sindano akageuka. Idarani walimwita mtu huyo Miwani. Alikuwa mgeni mwenye suti ya kijivu, miwani ya fremu ya dhahabu na Kiswahili safi cha msoma habari. Mkononi alishika Glock yenye kiwambo cha kuzuia sauti.

"Silaha chini, dada. Taratibu."

Beretta ikagonga sakafu. Miwani akaipiga teke hadi chini ya meza.

"Fundi, wateja wameshalipa. Weka kidole kwenye simu, pesa zije kwangu, mzigo uende kwa wenyewe. Dada yako atarudi nyumbani salama."

Fundi alichukua simu mezani. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kasha lililoshushwa karibu na mlango. Akalifuata, akachomeka kisu chini ya kifuniko, akakibandua.

"Fundi!"

Juu, sufuria. Chini ya sufuria, visu vyake, kila kimoja kimefungwa kitambaa kwa mkono wake. Chini ya visu, bastola nyeusi katika karatasi za mafuta.

"Visu vyangu umevifanya majani ya kufunikia," alisema polepole.

"Kidole. Sasa hivi." Mdomo wa Glock ukagusa paji la uso la Sindano. "Au ubongo wake nautandaza kwenye sakafu yako."

Kaka mtu alimtazama dada yake. Macho makavu, hayana msamaha hata chembe. Kisha akaanza kubonyeza simu.

Akabonyeza sana. Kuliko mtu anayeweka kidole kimoja.

"Unaandika nini?"

"Narekebisha jina la bidhaa. Ulikuwa umeandika sufuria." Fundi akaigeuza simu. "Nimeandika bastola na visu vya kupigania."

Simu ikalia. Kioo kikawa chekundu.

*Akaunti imefungwa. Pesa zote zimezuiwa.*

"Ule mtambo wa malipo hauna mswalie Mtume," alisema Fundi. "Mimi ulinimaliza kwa neno moja."

Miwani akatupia jicho kioo kile.

Jicho moja tu. Lilitosha.

Kiwiko cha Sindano kikampata kooni. Glock ikakohoa, risasi ikatoboa bati la paa. Akamkunja mkono mpaka kifundo kikalia, akamlaza kifudifudi kwenye vumbi la chuma. Miwani yake ya dhahabu ikapondeka chini ya buti la Sindano.

Nje, dereva aliwasha Hiace.

Sindano akainyakua Glock, akalenga kupitia mlangoni. Risasi mbili. Matairi mawili. Gari likachutama. Dereva akatoa mikono yote dirishani.

"Mkuu."

"Nimeona yote. Wanunuzi nao tumewabeba, kituo cha mafuta walikokuwa wanasubiri mzigo. Walikuwa wanafokeana hela zao zimekwama wapi." Akasita kidogo. "Na kaka yako?"

Sindano alimtazama kaka yake.

"Watuhumiwa watatu. Mmoja ameokoa operesheni. Andika yote mawili."

Fundi alisikia. "Yaani unanikamata."

"Uliwapa jina lako wakalifanyia uchafu. Ndiyo. Na mahakamani nitasimama mimi, nieleze ulichofanya leo."

"Sikukuomba."

"Najua."

Magari ya Idara yalikuwa yameshaingia uani. Sindano akaokota Beretta chini ya meza, akaifuta kwenye koti, akairudisha kwapani.

"Mama akisikia nimo ndani," kaka yake akamwita, sauti imekauka, "nimwambie nini?"

Sindano akavaa helmeti.

"Mwambie nilipita kukusalimia."

Nyuma yake Fundi alitema mate chini. Yamaha ikanguruma, ikatoka kwenye geti la kijani. Hakugeuka.