Mwulizaji wa Jioni

Kiti cha marehemu kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana dirisha la upande ule lilitazama ukuta wa jirani, bali lile joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Mjane alikigusa kwa kiganja, akaondoa mkono haraka, akajiambia ni uchovu.

Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa mdomo. Unasimama peke yako na chaki, mbele yako maprofesa watano, nao wanakuuliza juu ya vimeng'enya, yaani enzaimu, mpaka ufike mwisho wa ujuzi wako. Ukifaulu, unaendelea na masomo ya udaktari. Ukianguka, unafungasha virago. Yeye alishaanguka mara moja, wiki chache baada ya mazishi, na nafasi nyingine baada ya hii haikuwepo.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Sayansi hakuijua hata chembe, lakini kila jioni alikaa kwenye kiti kile, akashika kadi za maswali na kuzisoma kwa kubabaika, huku sindano ikiwa bado imechomekwa kolani. Mkewe akijibu, yeye husema, "Umepata, mke wangu."

"Umejuaje?"

"Nimeona uso wako. Halafu nina njaa."

Mumewe alipokwenda mbele ya haki, mjane aliendelea kujisomea maswali mwenyewe na kukijibu kiti.

Jioni ile alieleza namna sumu inavyokizuia kimeng'enya kisifanye kazi. Alipomaliza, chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Kisha kutoka kitini sauti ya mumewe, na mkwaruzo wake ule ule, ikasema polepole:

"Hapana. Hapo umekosea."

Alivuta kitabu karibu. Alipofungua, akaona ni kweli. Alikuwa amekosea.

Mwenye watu nyumbani angekimbia. Yeye tangu Ijumaa hakuwa ameitwa jina lake na mtu yeyote. Akanong'ona, "Nimekosea wapi?"

Ikamweleza. Toka siku hiyo ilikuja kila jioni, na ilifundisha kuliko profesa yeyote. Ila ilikuwa na tabia moja. Mwadhini akianza tu, ndipo inapotoa swali tamu kuliko yote. "Hili tu, kisha ukaswali." Naye akijibu, jibu linazaa swali jingine, na akija kushtuka wakati wa swala umeshampita.

Maabarani nako, mwosha vyombo, mzee waliyemwita Povu, alimtania. "Dada, siku hizi unanukia jiko lililozimwa. Umeanza kupika kwa kuni?"

Wenzake wakacheka. Alicheka nao, kisha akahamishia vitu vyake meza ya mwisho, mbali na watu.

Mkesha wa mtihani, jua likizama, sauti haikuuliza kitu.

"Kesho watakuwa watano," ilisema. "Niambie karibu, nami nitakaa nyuma ya ulimi wako. Hutakosea tena maisha yako yote."

Mjane alitazama kiti, akaona mto wake ukididimia taratibu kama unaokaliwa na mtu mzito, na harufu ya majivu ikapanda mpaka akaionja kooni, na mkeka wa swala uliokunjwa pembeni ukawa kama uko mbali, ng'ambo ya chumba kisicho na mwisho, na neno lile moja alilotakiwa kulitamka likamjia lenyewe mdomoni, likagonga meno yake kutaka kutoka. Pale pale mlango ukabishwa kwa nguvu.

"Wifi! Fungua!" Alikuwa mdogo wa kike wa marehemu, ndugu yake pekee aliyebaki. "Huyo ni kaka! Namsikia!"

"Si yeye, wifi."

"Sauti ya kaka yangu siijui?"

Mjane akakigeukia kiti. "Mume wangu hakujua chochote, na aliridhika nami," alisema huku analia. "Wewe unajua kila kitu. Toka nyumbani kwangu." Akaanza kusoma aya alizofundishwa utotoni, kwanza kwa kukwama, kisha kwa sauti.

Kiti kiliburuzika. Upepo wa moto ukapita miguuni pake, ukatoka chini ya mlango. Nje wifi alipiga ukelele mmoja, akanyamaza. Mjane alipofungua alimkuta amekaa sakafuni, upindo wa mtandio mdomoni.

"Umemfukuza," wifi alisema.

"Nimefukuza jini."

"Haya." Akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake, kwenye swali la nne, mjane alitafuta jibu akakuta kichwa kitupu na kimya. Akaweka chaki chini. "Hili silijui. Ninachokijua kinaishia hapa."

"Sawa," alisema profesa mkuu. "Kuanzia hapo, ungetafutaje?"

Hilo aliliweza. Walimpitisha, wakampa mkono, kila mmoja akashika njia yake. Akabaki kwenye korido na habari njema isiyo na wa kuambiwa. Akapiga simu kwa wifi. Haikupokelewa. Akaenda.

Wifi aliishi peke yake. Mlango ulifunguka upana wa kidole.

"Nimefaulu, wifi yangu."

"Tunajua," alisema wifi. Macho yake yaling'aa kwa furaha. "Tulikuwa tunakuzungumzia sasa hivi."

"Wewe na nani?"

Harufu ya majivu mabichi ikatoka upenyoni.

"Wewe ulimwambia toka," wifi alinong'ona. "Mimi nilimwambia karibu. Ni kaka yangu."

"Funga mlango, mdogo wangu," ilisema sauti ndani, kwa upole.

Mlango ukafungwa, na komeo likasukumwa. Mjane akakaa kizingitini na kuanza kusoma kwa sauti, na kila alipomaliza aya alimwita wifi yake kwa jina. Ndani, wawili walikuwa wakicheka.