Mivukuto ya Marehemu Nkonde

Mivukuto ya konsatina, kile kinanda cha mkononi cha kuvuta na kukunja, ilikutwa wazi. Jioni Esnart aliikunja mwenyewe na kuifunga kwa kamba. Asubuhi kamba ilikuwa mezani, imezungushwa vizuri, na karakana yote ilinuka nta ya moto ingawa jiko lilikuwa baridi.

Alisonya, akachukua tupa. Karakana hiyo ya Kashikishi ilikuwa ya mjomba wake, Nkonde, aliyezikwa mwezi wa Agosti. Ndiye aliyemfundisha kukunja ngozi ya mbuzi na kupasha nta. Lakini konsatina hii ilikuwa ya kwanza kutengenezwa na Esnart peke yake, na alitaka iimbe juu, nyepesi. Kila alipokwangua vilimi vya shaba vinavyolia ndani yake, sauti ilipanda. Kila alipotoka kuteka maji na kurudi, ilikuwa imeshuka, nzito, kama alivyoipenda Nkonde. Mara tano. Vidole vilimtoka damu.

"Siku ya tatu hii, Esnart!" alilalamika Berthe, mnunuzi aliyevuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo, si ile ya baharini. "Kwaya yetu itaimba na nini, na kilio ya mbuzi? Kesho kama haiko tayari, ninanunua kinanda ya Wachina, bon, basi!"

Berthe alipoondoka, Olipa, mama yake Esnart, alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Ulikamata vyombo vyake siku ya maziko," alinong'ona. "Hatujapatia mutu jina yake. Kaka yangu anatembea bila mutu wa kumubeba."

"Mchungaji alikataza kurithisha majina, mama."

"Mchungaji analala humu?"

"Mimi ni Esnart! Konsatina ni yangu!"

Nyuma yake mivukuto ikavuta pumzi. Ikajifungua bila mkono, ikajifunga, ikajifungua tena, na kwa kila pumzi ikatoka ile sauti nzito, na harufu ya nta ikazidi hadi macho yakamwasha, na vilimi vya akiba vikaanza kurukaruka mezani kama samaki waliomwagwa mchangani, vyote vikimwelekea yeye.

"Lete maji ya jina," Esnart alisema, akikaribia kulia kwa hasira.

Olipa akakoroga unga katika maji, kama wanavyomnywesha anayepokea jina la marehemu. Esnart akanywa.

Mivukuto ikatulia. Akaijaribu konsatina: sauti ikatoka juu, nyepesi, safi, vile vile alivyoitaka. Akacheka.

Kisha mikono yake ikaipasua ngozi ya mivukuto katikati.

"Nani alipatia huyu mutoto tupa yangu?" kinywa chake kikauliza, kwa sauti nzito.

Olipa akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima, polepole.

"Nisamehe, kaka."