Udongo wa Nyumba ya Vénérande

Nilikuwa nimefuata udongo tu.

Ndoo mbili, jembe, na kanga ya kukunja kata. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa, jua linazama nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku. Msimu huo kila mwanamke hapa Katumba, makazi ya watu waliotoka Burundi, ana kazi moja kichwani, kusiliba kuta za nyumba kwa udongo kabla mvua haijafika. Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi. Usipoisiliba mwaka huu, mwakani huna nyumba, mvua inaila kama sukari.

Mwaka huo mkononi sikuwa na kitu. Mume wangu Sixte alianguka akigongelea bati la jikoni, akavunjika mguu, na akiba yote ikaishia hospitali mjini. Udongo wa kichuguu tuliokuwa tunachota bure siku hizi unaletwa na guta na unalipiwa. Nikajiambia, Tereza, tumia akili. Majivu yapo jikoni. Samadi nitaokota wanakopita ng'ombe. Rangi nyeusi ya kupiga chini ya ukuta nitasaga betri kuukuu za redio, zimejaa uvunguni. Na udongo...

Udongo upo kwa Vénérande.

Anayejua kazi hii anajua kwamba udongo wa ukuta ulioanguka ni mzuri kuliko wa kuchimba. Umeshachekechwa, una majani ndani, ukiumwagia maji unalainika mara moja. Na nyumba ya Vénérande ilikuwa imelala chini mwaka mzima, hakuna aliyegusa hata bonge moja.

Nilikwenda jioni ili nisionekane. Hilo peke yake lilitosha kuniambia kitu. Sikutaka kusikia.

Niseme yote, maana nimeshayaficha vya kutosha, hata mbele ya padri.

Vénérande alikuwa jirani yangu. Mjane, hana mtoto, na kaka yake Audace alirudi Burundi yeye akabaki. Mimi nilipoolewa hapa kutoka Mwamkulu, kijiji cha jirani upande mvua inakotokea, sijui hata salamu ya Kirundi, yeye ndiye aliyenipokea. Aliniita mdogo wangu. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha kati, kililiwa na mashine ya kukoboa mahindi. Lakini kwa kusiliba, hakuna aliyemfikia. Sisi wengine tukipitisha mkono ukutani tunaacha mistari minne minne iliyopinda kama upinde. Wake ulikuwa mstari mmoja, pengo, mistari miwili. Ukipita njiani unajua, hapa kapita Vénérande.

Kila kiangazi tulisaidiana, siku nne kwangu, siku nne kwake. Mwaka ule nikamwomba tuanze na kwangu, kwa sababu nilikuwa na wageni wa kipaimara cha mwanangu Patrick. Akakubali. Akafanya kazi siku nne, nyumba ikang'aa, wageni wakasifu. Zamu yake ilipofika nikamwambia mgongo unaniuma.

Haukuuma.

Nilikuwa mvivu tu, na kwangu kulishapendeza. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alinikuta nimeinama uani nachambua maharage.

"Mdogo wangu, udongo nimeshaukanyaga. Unakauka shimoni."

"Dada, mgongo huu. Tufanye Jumatatu."

Akautazama mgongo wangu ulivyoinama.

"Mvua haingoji mgongo," akasema, akaondoka.

Mvua ilinyesha Jumapili. Ukuta wa chumbani kwake ulilowa, ukamlalia. Tulipomfukua, kilichotangulia kuonekana ni mkono. Kidole kimoja, pengo, viwili. Kwenye mazishi mimi ndiye niliyeimba kwa sauti kuliko wote.

Basi, ndiko nilikokwenda kuchota.

Nilipofika nikasikia harufu. Udongo mbichi, ule unaonukia tone la kwanza likidondoka. Mvua ilikuwa haijaonekana tangu mwezi wa tano. Nikazunguka nyuma, kwenye lile shimo lake la kukanyagia. Tope lake la mwaka jana nililijua, lilikauka likapasuka kama kisigino.

Shimo lilikuwa na maji.

Tope laini. Limekanyagwa. Nyayo zimejaa, mbichi, zinaingia lakini hazitoki.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilifanya ishara ya msalaba, nikajaza ndoo zangu mbili, nikarudi mara tatu. Tena nilifurahi moyoni kwamba limeshakanyagwa, nimepunguziwa kazi. Mungu anisamehe.

Kesho yake nikaanza na ukuta wa chumbani, kwa nje. Sixte alikuwa kitandani ndani, mguu umefungwa hogo, ile plasta nzito ya hospitali. Kitanda chake kimeegemea ukuta uleule. Akawa ananisemesha kupitia dirishani.

"Mama Patrick! Ukimaliza hapo uje unisilibie na mguu wa pili. Huu mmoja umependeza, mwingine unaona wivu."

"Nyamaza wewe, bati lenyewe limekushinda."

Tukacheka. Nilipofika nusu ya ukuta maji yakaisha, nikaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nikamkuta anatabasamu.

"Leo umeimba vizuri. Kirundi hicho umejifunza lini?"

"Kirundi gani?"

"Si ulikuwa hapo nje unapiga ukuta unaimba? Ule wimbo wa kubembelezea mtoto."

"Baba Patrick, mimi nilikuwa bombani."

Akacheka tena, akadhani namtania. Kirundi changu mimi ni cha kuomba maji tu.

Nikazunguka nje.

Nusu niliyoiacha ilikuwa imekwisha. Ukuta mzima. Umenyooka, umeng'aa, na mistari imepinda vizuri kutoka juu mpaka chini.

Mmoja. Pengo. Miwili.

Nikachukua gunia bichi nikafuta. Nilifuta mpaka mikono ikachubuka. Asubuhi mistari ilikuwa imerudi. Na jirani yetu Joséline, anayeuza vitumbua, akawa wa kwanza kuiona.

"Wifi, hongera! Nani kakusilibia? Huu mbona ni mkono wa mare..."

Akajifunga mdomo. Akaniangalia, akauangalia ukuta. Akageuka na beseni lake la vitumbua, hakuniuzia siku hiyo.

Siku ya tatu mistari ikaingia ndani.

Ilianzia juu, karibu na kenchi za paa. Kila asubuhi ilikuwa imeshuka kidogo kumfuata Sixte alipolala. Nikaugusa ukuta. Ulikuwa baridi. Nikaubonyeza, maji yakatoka. Kiangazi kikavu kile, vumbi mpaka kwenye meno, na ukuta wangu unatoa maji. Siku ya nne ulikuwa umevimba katikati, kama tumbo.

"Uhame hapo," nikamwambia Sixte.

"Nihamie wapi? Kitanda hakipiti mlangoni, na hogo hili zito kama gogo."

"Lala jikoni, chini."

"Nilale na kuku? Ukuta huu una miaka kumi, mama Patrick. Una nini wewe?"

Nilikuwa na la kumwambia. Lakini kumwambia kwa nini, ningelazimika kuanza na habari ya mgongo. Yeye alimpenda Vénérande kama dada wa tumbo moja, ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza. Naliandika hili kwa aibu: niliona afadhali ukuta umlalie mume wangu kuliko anione mimi nilivyo.

Siku ya tano jioni nikabandua udongo nilioweza kuubandua, nikajaza ndoo, nikaupeleka kuurudisha kwa Vénérande.

Nilisikia kabla sijaona.

Chwa... chwa... chwa...

Miguu inakanyaga tope. Polepole. Kama mtu asiye na haraka hata kidogo.

Alikuwa ndani ya shimo, amenipa mgongo, kanga ameikunja mpaka magotini. Kichwani alikuwa na vumbi la ukuta. Hakugeuka.

"Umekuja," akasema kwa kunong'ona.

"Nimekuja, dada."

"Mgongo?"

Nikaitua ndoo chini.

"Nauliza mgongo, mdogo wangu."

"Haukuuma. Nilikudanganya."

"Najua."

Chwa... chwa...

Nikapiga magoti. "Nisamehe."

"Mimi siyo padri."

"Nimekuja kusiliba. Leo. Sasa hivi. Nitafanya siku nne, nitafanya kumi."

Akaacha kukanyaga.

"Utasiliba wapi? Mimi sina ukuta. Ukuta wangu umeupeleka kwako."

Nikaangalia ndoo yangu. Udongo niliourudisha ulikuwa umetoka wote, haumo, na sikuumwaga mimi. Ndipo akageuza kichwa kidogo tu, sikio na shavu, na shavu lilikuwa limebonyea kama tofali bichi lililokanyagwa.

"Mvua iko Mwamkulu," akasema. "Mimi niliingoja peke yangu. Na mumeo ataingoja peke yake."

Ngurumo ikapiga.

Nilikimbia. Kanga ilidondoka, sikuiokota. Upepo wa mvua ulinikuta njiani, vumbi na majani ya tumbaku yanaruka, mbingu imekuwa nyeusi kabla ya saa yake. Tone la kwanza lilinidondokea nikivuka kizingiti.

Ukuta ulikuwa unapumua. Nasema nilichokiona. Unavimba, unashuka... unavimba...

"Baba Patrick, toka!"

"Wewe mwanamke, mvua tu hiyo..."

"Toka!"

"Mpaka uniambie una nini siku zote hizi."

Hogo lile, na mwili wake mkubwa, nisingemburuta bila yeye kutaka. Nikaona kipande cha udongo kinamdondokea begani. Nikapiga kelele, nadhani mpaka Joséline alisikia.

"Mgongo wangu haukuuma! Mwaka jana! Vénérande alikuja mara tatu nikamdanganya! Nimemuua mimi, Sixte, nimemuua kwa uvivu, na udongo huu ni wa kwake!"

Akanitazama. Uso wake ulibadilika, na mpaka leo haujarudi kuwa ule wa zamani. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

Nilimvuta. Alianguka chini na mguu wake, akalia kama mtoto, nikaendelea kuvuta mpaka kiwiliwili kikafika sebuleni. Hogo likakwama kwenye fremu ya kitanda. Nikarudi, nikaingiza mkono wa kulia, nikalisukuma likatoka.

Mkono wangu ulikuwa bado kitandani ukuta uliposhuka.

Haukuwa na kishindo. Ulitoa sauti kama mtu mzito anayejitupa kulala baada ya kazi.

Joséline na mumewe ndio walionifukua. Daktari alikata kidole cha kati. Vingine vinne havikuwa na hata mchubuko, alivigeuza na kuvigeuza, akasema hajawahi kuona.

Fundi aliyekuja kuangalia nyumba alisema ni mchwa. Udongo wa zamani una majani yaliyooza, ndiyo chakula chao, wameula ukuta kwa ndani mpaka ukabaki ganda, na mimi mwenyewe nilizidisha maji. Labda. Sixte alishika neno hilo la mchwa, analirudia kwa kila anayeuliza. Lakini usiku wa kwanza niliporudi kutoka hospitali alinigeuzia mgongo, na hakuniuliza chochote, na kuulizwa ningependa zaidi.

Nilikwenda kwa padri, nikaungama hadi mwisho. Akanipa malipizi, kila kiangazi nisilibe nyumba za wajane wa jumuiya yetu bila kupokea kitu. Ninasiliba. Ndiyo maana ukipita huku utaona mistari ile kwenye nyumba nyingi, mmoja, pengo, miwili. Watu wameizoea. Wanasema mkono wa Tereza. Watoto hawamjui mwingine.

Udongo wake niliurudisha wote, ndoo kwa ndoo, mchana kweupe, watu wakiniona. Shimo nimelifukia. Chumba chetu tulikijenga upya, na udongo wa kusilibia nauchimba mbali porini, nabeba kichwani.

Jana nilianza ukuta wa chumbani. Nilipiga nusu, giza likaingia, nikanawa mikono nikalala.

Leo asubuhi umekwisha wote.

Nimesimama mbele yake nimeweka vidole vyangu kwenye mistari, ile niliyopiga mimi na ile nisiyoipiga. Vinaingia sawasawa, huku na huku. Sijui nusu yangu ni ipi.

Sixte anasema niache kujitesa, ni mimi niliyeamka alfajiri nikamalizia, usingizi umenisahaulisha. Anasema alinisikia. Nilikuwa naimba vizuri, ule wimbo wa kubembelezea mtoto, maneno yote ya Kirundi.

Yeye bado yuko kitandani, anafunga kiatu cha mguu mbovu, taratibu. Nje kumeanza kunukia udongo mbichi.

Na mvua bado iko Mwamkulu.