Gaudiosi Aliyejitangaza Mzima

Ndugu zangu mnaoishi huku ugenini, sogeeni mnisikilize. Haya yalimpata mtu mwema, anayependwa na mkewe na ndugu zake, na yangeweza kumpata yeyote kati yetu.

Gaudiosi na mkewe Leokadia wameishi Louisville, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Gaudiosi anaendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala, Leokadia anahudumia wazee. Mtoto wao mmoja, Jovini, yuko chuoni mji mwingine. Jumapili moja ya mwezi wa pili walikuwa wametoka misani, nje kuna theluji, ndani kuna joto. Leokadia alikuwa amepika ndizi kwa maharage kama wanavyopika kwao Muleba, na kwaya inaimba kwenye simu. Gaudiosi alikula vijiko vitatu, akaweka mkono chini ya kifua, akasukuma sahani.

"Baba Jovini, tumbo tena?"

"Gesi tu, mke wangu."

"Gesi gani ya miezi mitano? Ingekuwa mimba, mtoto angeshaanza kucheza."

Wakacheka wote wawili, lakini kesho yake Leokadia alimpeleka kwa daktari. Daktari akasema tumbo lazima liangaliwe kwa ndani. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni mpaka tumboni. Ni kazi ya dakika ishirini, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wakapangiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Kuanzia hapo Gaudiosi akaingiwa na hofu. Baba yake alipelekwa hospitali ya Bukoba akapimwa tumbo Jumatatu, na Ijumaa wakamzika. Mzee alikuwa amechelewa sana kupelekwa, lakini Gaudiosi alikuwa kijana wakati ule, na kichwani mwake kupimwa na kufa vikashikana. Sasa kazini alikuwa anabeba mzigo kwa foklifti, anafika katikati ya ghala, anasahau anaupeleka wapi. Mpira ukinikwama kooni? Nisipoamka? Wakikuta kitu kibaya? Maswali hayo hakumwuliza daktari wala mkewe.

Leokadia aliposema ataomba ruhusa ampeleke, alikataa. "Usipoteze zamu yako. Mohammed wa kazini atanipeleka."

Mohammed hakuwa na habari yoyote.

Alhamisi asubuhi Gaudiosi aliendesha gari peke yake mpaka kwenye maegesho ya hospitali, akazima injini, akakaa. Akawaona watu wakiingia na kutoka. Mama mmoja mzee alitoka ameshikwa mkono na binti yake, wanacheka. Hata hilo halikumpa moyo. Alipiga simu mapokezi, akasema ana homa, hataweza kuja. Kisha akabaki mle garini mpaka saa sita mchana, akarudi nyumbani. Leokadia alipotoka kazini alimkuta anatembea polepole, macho nusu yamefumba, kama mtu ambaye dawa ya usingizi haijamtoka.

Leokadia alimfunika blanketi, akamletea uji mwepesi. "Wamesemaje?"

"Safi. Hawakuona kitu."

Leokadia alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa furaha. Gaudiosi akafumba macho, safari hii kwa aibu.

Jamani, angekuwa amejidanganya yeye tu, ningeishia hapa. Leokadia alimpigia Patricia, dada yake Gaudiosi anayeishi Whitehall, pembeni ya Columbus. Patricia naye akampigia Karoli, mdogo wao wa mwisho, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda, karibu na Buffalo. Usiku huo kundi la familia kwenye simu lilikuwa limejaa sala za shukrani. Karoli akapiga mwenyewe.

"Kaka, umenipa nguvu! Sikuwaambia, mimi pia tumbo linanisumbua tangu Krismasi. Walinipangia kipimo kama chako Jumanne ijayo. Sasa kama lako halina kitu, langu litakuwa na nini? Sisi ni wa tumbo moja! Nimeshawapigia, nimefuta."

Gaudiosi alifungua mdomo. Leokadia alikuwa amesimama hapo hapo, bakuli mkononi, anatabasamu.

"Sawa, mdogo wangu," akasema.

Kila siku kwa wiki mbili alishika simu ili amwambie Karoli ukweli, na kila siku akaiweka mezani. Jumamosi asubuhi ikalia yenyewe. Alikuwa Patricia, analia. Karoli alikuwa ameanguka kiwandani, anatapika damu. Amelazwa Buffalo.

Gaudiosi alimkuta mkewe jikoni. "Mama Jovini, Karoli amelazwa Buffalo, anatapika damu. Na mimi sikupimwa. Nilikaa kwenye gari. Niliogopa."

Leokadia akazima jiko. "Nilikupikia uji siku tatu," akasema. Kisha akachukua koti na funguo. "Nitaendesha mimi. Wewe mpigie Patricia, mwambie tunampitia."

Walifika Whitehall kabla ya saa sita. Patricia alikuwa anawasubiri nje ya fleti zao na chupa ya chai. Gaudiosi alimweleza yote garini, bila kujitetea. Patricia alifunga kifuniko cha chupa ya chai, akamgeukia.

"Kaka," alisema, "ungesema unaogopa tungekuja tukakushika mkono. Mimi mwenyewe nafumba macho nikichomwa sindano ya mafua. Nani angekucheka?"

Waliingia Buffalo jioni, theluji imeanza kuanguka. Karoli alikuwa ameshawekewa damu, na madaktari walikuwa wamepitisha mpira ule ule wakaziba kidonda kilichokuwa kinavuja. Uso wake ulikuwa umesawijika, ila macho yalikuwa yake. Gaudiosi alisimama miguuni pa kitanda, akashika chuma, akasema yote.

"Nilikuamini, kaka," alisema Karoli.

"Najua. Nisamehe."

"Kwa hiyo mimi mdogo nimekutangulia kupimwa?" akatania Karoli. Patricia akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, na Karoli akanyoosha mkono kumshika kaka yake. Baada ya muda Gaudiosi akauliza kwa sauti ya chini swali alilolibeba wiki zote zile: "Inaumaje?"

"Wanakupulizia dawa, koo linakufa ganzi. Unalala. Ukiamka koo linakwaruza kidogo, basi. Mpira haukunitisha, kaka. Nilitishika pale kiwandani, nikiwa sakafuni, nikawaza niliwaficha ugonjwa wangu tangu Krismasi, na kipimo nimekifuta mwenyewe."

Waliporudi Louisville, Gaudiosi alipiga simu hospitali kuomba tarehe mpya. Aliomba mkalimani wa Kiswahili, akamwambia nesi, "Dada, naogopa sana." Nesi hakushangaa. Alimjibu swali moja baada ya jingine: watakuwa wanaangalia pumzi zake muda wote, mpira haupiti njia ya hewa, lazima aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Leokadia aliandika majibu kwenye karatasi, wakaibandika kwenye friji. Hofu ilipompanda, Gaudiosi aliisoma tena, au wakatoka wawili kutembea, au akampigia Karoli wakazungumza mpira wa miguu. Hofu haikumwisha. Ilipungua kiasi cha kumwacha ale na afanye kazi.

Siku yenyewe alishikwa mkono na mkewe mpaka mlangoni. Aliposikia ameguswa bega, akafumbua macho.

"Wanaanza saa ngapi?" akauliza.

"Wameshamaliza, Baba Jovini," alisema Leokadia, akimfuta mdomo kwa leso.

Walikuta vidonda viwili vya tumbo na vijidudu, vitu vinavyotibika kwa dawa. Siku hiyo uji alipikiwa kwa haki.

FUNZO

Ndugu zangu, Gaudiosi hakukosa kwa kuogopa. Mtu anayeambiwa atapitishiwa mpira kooni ana haki ya kuogopa. Kosa lake lilikuwa kuificha hofu ile mpaka ikamfanya awadanganye wanaompenda, na Karoli nusura afe kwa kuamini majibu ambayo hayakuwepo. Ukiumwa, sema. Ukiogopa, sema vilevile, kwa mwenzako na kwa daktari, na uulize mpaka uelewe. Usiyachukue majibu ya ndugu yako ukayafanya yako. Nenda kapimwe mwenyewe. Na wewe ambaye leo ni mzima, jirani akikuambia ana kipimo na anaogopa, usimcheke wala usimwambie ajikaze. Mwulize ni siku gani, kisha mwendeshee gari.